Mungu Yupi Mwasi wa Tamriel Amfaa Mhusika Wako: Lorkhan, Boethiah, Dagon, Sheogorath au Baan Dar

Kwa vijana wa Mbeya na Iringa wanaocheza michezo ya The Elder Scrolls, wengine kwenye kompyuta na wengine mezani kwa dadu, karatasi na masimulizi ya mdomo, swali la mungu wa kumfuata hujitokeza mapema kuliko wengi wanavyotarajia. Mhusika aliyetoroka jeshini, mwizi wa sokoni, binti aliyeukana ukoo wake au mtumwa aliyekata minyororo anahitaji mungu wa kuapa kwa jina lake, na Tamriel, bara ambamo michezo hiyo inachezwa, lina miungu wengi waasi na walaghai. Shida ni kwamba kwa mtazamo wa haraka wanafanana mno. Wote wanadanganya, wote wanapindua utaratibu uliokuwapo, na karibu wote wana wafuasi wanaokutana usiku. Mchezaji anayechagua kwa kuangalia sanamu au silaha ya zawadi hujikuta katikati ya hadithi akiwa na mungu ambaye hakubaliani na kisa alichotaka kusimulia.

Ulinganisho huu umejengwa juu ya michezo yenyewe, hasa Morrowind ya mwaka 2002, Oblivion ya mwaka 2006 na nyongeza yake ya Shivering Isles ya mwaka 2007, na Skyrim ya mwaka 2011, pamoja na vitabu vinavyookotwa ndani ya michezo hiyo, ambavyo wachezaji wengi huviuza dukani bila kuvifungua. Nimewapima miungu hawa kwa swali moja ambalo, kwa maoni yangu, linawatenganisha kuliko nguvu zao au sura zao: hila ilipokwisha kutendeka, ni nani aliyelipa gharama yake?

Ili swali hilo lijibike, ni lazima kueleza kwanza mgawanyiko wa msingi. Roho za mwanzo za ulimwengu huo zilitengana kutokana na kazi ya kuumba Mundus, yaani dunia ya wanaokufa. Zile zilizoshiriki zilipoteza sehemu ya nguvu zao katika kazi hiyo, nazo huitwa Aedra. Zile zilizokaa kando zilibaki nzima, nazo huitwa Daedra. Wakuu wa Daedra, kwa hiyo, hawajatoa chochote chao kwa ajili ya dunia hii. Wanaweza kuijaribu, kuichoma moto na kuichezea, kisha wakarudi katika milki zao bila hata mkwaruzo. Anayelielewa jambo hili ataona kwa nini hila za Lorkhan na hila za Boethiah ni vitu viwili tofauti, hata pale zinapofanana neno kwa neno.

Lorkhan, aliyelipa kwa moyo wake

Lorkhan ndiye aliyeleta wazo la Mundus. Kwamba aliwashawishi wenzake kwa nia njema au aliwatega kama ndege, hilo linategemea unamuuliza nani, na humo ndimo ulimo utajiri wake wote. Waelfi wa Altmer, mojawapo ya mataifa ya Tamriel, husimulia kwamba mababu zao walikuwa roho zisizokufa, wakaingizwa katika kazi ambayo iliwapunguza siku hadi siku mpaka wakawa viumbe wanaozeeka na kuzikwa. Magnus, aliyekuwa amechora mpango wa ujenzi, alitambua mapema kinachoendelea akakimbia, na tundu alilolitoboa wakati wa kutoroka ndilo jua linalowaka juu ya Tamriel. Wanordi, wanadamu wa kaskazini, kwa upande wao wanamwita Shor, na katika simulizi zao yeye alikuwa mkuu wa miungu aliyesimama upande wa wanadamu dhidi ya watesi wao Waelfi, akashindwa kwa njama za miungu wa kigeni. Watu wa Cyrodiil, jimbo la katikati ya bara, humwita Shezarr. Khajiit, watu wenye umbo la paka, humwita Lorkhaj, mtoto wa mwisho wa mama wa miungu, aliyezaliwa katika Giza Kuu.

Toleo linalonivutia zaidi ni la Redguard, taifa jingine la wanadamu, ambao kwao yeye ni Sep, nyoka. Katika kisa chao, dunia zilikuwa zikiliwa na kuzaliwa upya, na roho zenye nguvu zilijifunza kutembea kutoka ngozi moja ya dunia hadi nyingine ili zisimezwe. Ruptga, anayeitwa pia Tall Papa, alimfinyanga Sep kutokana na ngozi zilizobaki ili amsaidie kuziongoza roho dhaifu. Lakini Sep alirithi njaa ya kile alichoumbwa nacho. Njaa hiyo ilimpotosha, akawaambia roho waliochoka kutembea kwamba ipo njia rahisi: wakusanye ngozi zilizotupwa, wajenge mahali pa kukaa. Walijenga, na walipomaliza wakagundua kwamba wako mbali mno na njia ya kwanza na kwamba wanaanza kufa. Ruptga alimponda Sep kwa fimbo kubwa, na njaa ikaanguka kutoka kinywani mwake, ikawa kitu pekee kilichobaki cha nyoka huyo. Hakuna uovu wa makusudi katika kisa hiki, wala hakuna wema. Kuna mtumishi mwenye njaa aliyetoa ushauri ambao waliochoka walitamani kuusikia.

Adhabu aliyopewa Lorkhan katika simulizi ya Waelfi inajulikana zaidi. Trinimac, shujaa wa Auri-El, mfalme wa miungu ya Waelfi, alimwangusha mbele ya jeshi lake mwenyewe, akapenya ndani ya mwili wake na kuung'oa moyo. Walipojaribu kuuangamiza, moyo ule uliwacheka, ukawaambia kwamba ndio moyo wa dunia yenyewe na kwamba viwili hivyo haviachani. Auri-El akaufunga kwenye mshale akaurusha mbali baharini. Mchezo mzima wa Morrowind unatokana na mshale huo: chini ya mlima wa volkano unaoitwa Red Mountain, mafundi wa Dwemer waliufukua moyo na Kagrenac akaunda zana za kuchota nguvu zake, taifa lao lote likatoweka katika vita vya hapo, kisha watu watatu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, wakazitumia zana hizohizo kujifanya miungu. Mchezaji anamaliza kisa kwa kukata uchawi unaoufunga moyo huo.

Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini, wazo la mwili mmoja kubeba uhai wa nchi nzima si geni. Masimulizi ya Wanyakyusa, ambayo mwanaanthropolojia Monica Wilson aliyaandika kwa kirefu katika karne ya 20, yanamtaja Lwembe, aliyekuwa na makao yake Lubaga, kama mtawala mtakatifu ambaye afya yake ilifungamana na mvua, rutuba ya mashamba na uzazi wa watu na ng'ombe, kiasi kwamba alipougua sana hakuachwa afe kifo cha kawaida, kwa hofu kwamba nchi ingefifia pamoja naye. Lwembe hakuwa mlaghai wala mwasi, na nisingependa kumvika joho la Lorkhan kwa nguvu. Ninachosema ni kwamba msimamizi wa mchezo anayewasimulia wachezaji wa Tukuyu kuhusu mungu ambaye mwili wake ndio msingi wa ardhi wanayoikanyaga hatahitaji kueleza mara mbili.

Basi gharama ya hila ya Lorkhan ilisambaa. Waliodanganywa walipoteza kutokufa, mdanganyifu alipoteza moyo, na wanaokufa, yaani wahusika wote tutakaowahi kuwacheza, walipata kuwapo. Hakuna mungu mwingine katika orodha hii anayetoa hesabu ngumu kama hiyo. Udhaifu wake ni wa kiutendaji. Katika Skyrim huwezi kupewa kazi na Shor, hana madhabahu wala zawadi. Utamsikia katika viapo vya Wanordi, na utakapofika Sovngarde, kwenye ukumbi wake wa mashujaa, utakuta kiti chake kitupu. Mchezaji anayetaka mungu wa kuzungumza naye atachoka haraka. Mchezaji anayetaka mungu wa kubishana juu yake, hasa mezani ambako mmoja anacheza Mwelfi na mwingine Mnordi, hatapata aliye bora.

Boethiah, anayemtoza mfuasi

Boethiah ni mkuu wa njama, usaliti na upinduzi wa watawala, na kisa chake kinamgusa Lorkhan mahali ambapo wachezaji wengi hawapatazami. Trinimac, yuleyule aliyeung'oa moyo wa mlaghai wa kwanza, alikuja kumezwa na mlaghai wa pili. Kwa mujibu wa simulizi za Waelfi Weusi, yaani Dunmer, Boethiah alimla, akazungumza kwa sauti yake mbele ya wafuasi wake, akawaonyesha uongo wa mafundisho waliyokuwa wakiyafuata, na kuwaelekeza kwa nabii Veloth. Kilichobaki cha Trinimac kilitoka kama taka na kuwa Malacath, mungu wa waliotupwa, na waumini wake wakageuka kuwa Orc. Waliomfuata Veloth waliacha nchi ya mababu zao, wakaitwa Chimer, yaani taifa ambalo baadaye lilikuja kuwa Dunmer.

Ulinganifu uko wazi: Lorkhan aliwatoa miungu mbinguni akawaingiza duniani, na Boethiah aliwatoa watu katika taifa lao akawaingiza katika taifa jipya. Wote wawili walianzisha watu wapya kwa udanganyifu, na wote wawili wanaabudiwa na wazao wa waliodanganywa. Tofauti inajitokeza katika malipo. Boethiah hakupoteza chochote. Trinimac alilipa, Orc wanalipa mpaka leo, na kila mfuasi mpya anaombwa kulipa kwa mkono wake mwenyewe.

Skyrim inaonyesha jambo hili bila aibu. Mhusika akifika kiwango cha 30 anaweza kupanda hadi hekalu la Boethiah lililo milimani mashariki ya mji wa Windhelm, ambako anapewa kisu na kuelekezwa kwenye nguzo. Anatakiwa amlete mtu anayemwamini. Wengi humleta Lydia, yule mlinzi aliyewabebea mizigo tangu siku walipopewa cheo katika mji wa Whiterun. Unamwambia aiguse nguzo, naye anaigusa kwa sababu umemwambia. Mwili wake unanaswa, hawezi kuondoka, na mchezo unakuachia kisu mkononi bila kukuharakisha. Unaweza kugeuka na kushuka mlima. Ukimchoma, Boethiah anaingia katika maiti hiyo na kuzungumza nawe kwa kinywa chake, kama alivyozungumza zamani kwa kinywa cha Trinimac. Waliobuni tukio hilo walijua hadithi yao vizuri, na mchezaji aliyesoma kitabu cha zamani kabla ya kupanda mlima ataliona lilivyofumwa. Kisha waumini wote waliopo wanaamriwa kuuana mpaka abaki mmoja, na mwisho wa safari ni kumwua bingwa aliyekutangulia na kuvua vazi lake la chuma cheusi, ambalo humficha avaaye katika kivuli chenye sumu.

Boethiah anamfaa mhusika aliyeamua kwamba ukoo, chama au dola aliyozaliwa ndani yake imeoza, na ambaye msimulizi yuko tayari kumwonyesha kuwa na haki na kuwa katili kwa wakati uleule. Asichaguliwe na mchezaji anayetaka mwasi mwenye mikono safi. Nimewaona wachezaji wakimchagua kwa sababu ya vazi, kisha wakatafuta modi, yaani faili la mashabiki linalobadilisha mchezo, ya kuruka tukio la nguzo. Hao wangefanya vizuri zaidi kununua chuma kwa mhunzi.

Mephala na Clavicus Vile wako karibu na kundi hili, lakini hawahitaji kurasa nyingi. Mephala ni mfumaji wa utando, na upanga wake katika Skyrim hupata nguvu kwa kuwaua wanaokuamini, jambo ambalo ni mafunzo ya Boethiah bila falsafa ya Boethiah. Clavicus Vile ni mungu wa mapatano: anakupa ulichoomba kwa namna ambayo utajuta kuomba. Anafaa kwa kisa cha jioni moja, hasa kwa sababu ya mbwa wake Barbas, ambaye anaongea, ana busara kuliko bwana wake, na njia nzima anakusukuma kwa mwili mpaka unaanguka kwenye majabali.

Mehrunes Dagon, mwasi asiye na kesho

Mehrunes Dagon ndiye ambaye wanaoanza humchukua kwa urahisi kama mungu wa mapinduzi, kwa kuwa mambo anayoyatawala ni uharibifu, mabadiliko, mapinduzi, nguvu na tamaa ya makuu. Mchezo wa Oblivion unaanza kwa wafuasi wake, kikundi cha Mythic Dawn, kumwua mfalme Uriel Septim VII, na muda si mrefu mji wa Kvatch unateketea. Kiongozi wao, Mankar Camoran, ana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa: anadai kwamba Tamriel yenyewe ni milki mojawapo ya Daedra, kwamba Lorkhan ndiye aliyekuwa mkuu wake halali, na kwamba Aedra ni watumishi waliomsaliti bwana wao. Kwa maneno mengine, anaichukua simulizi ya Lorkhan na kuitumia kama hati ya madai ya Dagon juu ya dunia.

Hoja hiyo ni nzuri kwa mhusika mwenye kipaji cha kuhutubia, na ningemshauri msimamizi yeyote aitumie. Lakini mungu aliye nyuma yake hastahili hotuba hiyo. Dagon hana mpango wa siku inayofuata baada ya moto. Lorkhan alivunja utaratibu ikazaliwa dunia, Boethiah alivunja utaratibu likazaliwa taifa, na Dagon alipovunja yalibaki majivu na mchezaji akilazimika kuifunga milango ya Oblivion, yaani ya kwenda kwenye milki za Daedra, mmoja baada ya mwingine. Gharama yake ililipwa na upande wa pili: Martin Septim, mwana wa mfalme aliyeuawa, aliuvunja mkufu wa wafalme, akageuka kuwa umbo la Akatosh, mungu joka, akamrudisha Dagon alikotoka na kubaki pale akiwa sanamu ya jiwe. Dagon alirudi kwake. Katika Skyrim anatokea tena mbele ya mhusika aliyekusanya vipande vya kisu chake, na jambo la kwanza analodai ni kumwua Silus, mtu aliyekuongoza mpaka hapo. Ukikataa unakikosa kisu na unashambuliwa.

Ninaona Dagon ni adui bora na mlezi dhaifu. Awekwe upande wa pili wa meza.

Kuna jambo dogo la hapa kwetu linalohusiana naye. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na nyumba nyingi za mkoa huu zinaijua Biblia kwa undani ambao waundaji wa mchezo huenda hawakuutarajia. Jioni moja mama mwenye nyumba, akituletea chai sebuleni Mbeya katika baridi ya mwezi wa Julai, alisimama kidogo akasikiliza, kisha akamwuliza mwanawe, "Mwanangu, huyo Dagon mnayemtaja si yule wa Wafilisti, aliyeanguka kifudifudi mbele ya sanduku?" Kijana akajibu, "Hapana mama, huyu ni wa kwenye gemu tu." Mama hakuridhika, na kwa haki yake, kwa kuwa jina ni lilelile. Kundi linalokutana kwenye sebule ya mzazi lizingatie hili kabla ya kuandika kwenye karatasi kwamba mhusika mkuu anamwabudu Dagon. Kueleza kwamba Daedra wa mchezo huu hawalingani sawasawa na mapepo ya mahubiri ni kazi ya dakika nyingi, na pengine inafanyika vizuri kabla ya chai kuliko baada yake.

Sheogorath, aliyelaaniwa kabla ya kudanganya

Watu humpenda Sheogorath kwa vichekesho, na ni kweli kwamba hakuna mungu wa Tamriel anayechekesha kama yeye. Katika Skyrim anapatikana ndani ya akili ya mfalme kichaa aliyekwisha kufa, Pelagius, ambako mhusika ananyang'anywa silaha zake zote na kuachiwa fimbo ya Wabbajack peke yake, fimbo ambayo hakuna ajuaye itafanya nini. Mchezaji aliyechoka na vita atafurahi sana hapo.

Hata hivyo ukimpima kwa swali letu, Sheogorath anageuka kuwa mtu wa huzuni. Kabla hajawa yeye alikuwa Jyggalag, mkuu wa utaratibu, ambaye nguvu zake ziliwatia hofu wakuu wenzake wa Daedra. Walimlaani awe kile alichokichukia kuliko vyote, yaani wazimu. Kila mwisho wa enzi anarudishiwa umbo lake la kwanza kwa muda mfupi, analibomoa taifa lake mwenyewe kwa majeshi ya utaratibu, kisha anarudi kuwa Sheogorath na kuanza kujenga upya. Shivering Isles inamweka mchezaji mahali pa kuukata mzunguko huo, na anapofanikiwa Jyggalag anaenda zake huru, naye mchezaji anakalishwa kwenye kiti cha wazimu. Ndiyo maana Sheogorath wa Skyrim anadokeza mambo ya miaka 200 nyuma kana kwamba aliyashuhudia kwa macho yake: kwa wengi wetu tuliomaliza Oblivion, huyo ni mhusika wetu wa zamani.

Hapa kuna Daedra mmoja aliyelipa, lakini alilipa kwa kulazimishwa, na hilo linamtenga na Lorkhan aliyejua kwamba kazi aliyoianzisha ina gharama. Sheogorath anamfaa mhusika aliyekuwa mwadilifu kupita kiasi, hakimu, karani wa dola, askari wa kufuata amri, kisha kitu kikamvunja. Kumpa mhusika anayependa mizaha ni kutumia nusu yake tu, na ile nusu nyepesi.

Baan Dar, mungu wa walioshindwa mara nyingi

Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye asiyejulikana sana na ndiye ninayempendekeza kwa wengi. Katika sehemu nyingi za Tamriel, Baan Dar ni roho mdogo wa wezi na ombaomba. Huko Elsweyr, kwa Khajiit, anapewa heshima kubwa zaidi: yeye ndiye ule ujanja wa dakika ya mwisho wa watu walioonewa muda mrefu, ujanja unaoivuruga mipango ya Waelfi na wanadamu waliodhani wamekwisha kushinda. Hana jeshi, na hata mwili wake haueleweki vizuri. Karibu naye yuko Rajhin, mwizi aliyepanda daraja la kuabudiwa, ambaye anasifiwa kwa kuiba mchoro wa chale kutoka shingoni mwa malkia Kintyra akiwa usingizini.

Aliyelelewa kwa ngano za Sungura tayari anamjua Baan Dar. Ni yuleyule mdogo anayemfikisha Simba kisimani kwa maneno matupu, na ni kosa lilelile linalowaangusha wakubwa katika visa vyote viwili, yaani kuamini kwamba asiye na nguvu hana mpango. Ila Sungura mara nyingi anajitafutia shibe yake, wakati Baan Dar anafanya hila kwa niaba ya watu wake. Gharama ya hila zake hulipwa na mwenye nguvu, na katika orodha hii yeye ni wa pekee kwa jambo hilo.

Kasoro yake inatokana na wema wake. Mungu ambaye hila zake huwaumiza wanaostahili tu hamwachii msimulizi mgongano mkubwa ndani ya moyo wa mhusika. Baada ya jioni kadhaa, mchezaji mzoefu ataanza kuuliza kama hakuna siku ambayo ujanja wa Baan Dar ulimwumiza Khajiit mwingine, na msimamizi atalazimika kutunga jibu, kwa kuwa vitabu vya mchezo vinasema machache mno juu yake. Kwangu mimi hiyo ni nafasi ya kutunga. Kwa mwingine ni pengo.

Namna ya kuchagua

Mchezaji wa kompyuta anayecheza peke yake, na anayetaka mungu atakayempa kazi, sauti na zawadi, abaki kwa Boethiah au Sheogorath, kwa kuwa mchezo umewaandalia matukio ya kutosha na maamuzi yenye uzito. Kati ya hao wawili, Boethiah anafaa zaidi pale ambapo mchezaji amekwisha kusafiri na msaidizi mmoja kwa muda mrefu. Akifika kwenye nguzo na mtu aliyemwajiri jana kwa sarafu 500 katika baa, tukio lote linakuwa jepesi kama kununua mkaa. Sheogorath hana sharti hilo na anaweza kufuatwa mapema.

Kwa kundi la mezani linaloanza, ambalo nusu yake haijawahi kuigusa michezo hii na linakutana jioni hapa Mbeya kabla bajaji za mwisho hazijaondoka Mwanjelwa, Baan Dar ndiye mwepesi kuelezwa. Hakuna historia ndefu ya kukariri, wazazi hawatashtuka, na kisa cha kwanza kinatungika kwa dakika chache: watu wadogo wamenyang'anywa kitu, mwenye nguvu analala, mlango una mlinzi mmoja. Kundi likishazoea, msimamizi anaweza kumwingiza Mankar Camoran au mhubiri wa namna yake, mwenye hoja nzuri na mungu mbaya, na kuona ni wachezaji wangapi watavutwa na hotuba.

Lorkhan ningewaachia wale waliokwisha kucheza pamoja kwa muda mrefu, ambao wanaweza kukaa saa nzima wakibishana bila kurusha dadu. Kwao, njia inayofaa ni kutompa mhusika mmoja kazi ya kumwakilisha. Kila mchezaji aandike kwenye karatasi yake jina ambalo watu wake humwita, Lorkhan, Shor, Shezarr, Lorkhaj au Sep, pamoja na jambo moja ambalo ukoo wake unaamini kwamba alilipoteza kwa sababu yake. Msimamizi azikusanye karatasi hizo, asizisome kwa sauti, na atunge kisa ambacho karatasi mbili kati ya hizo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Mwelfi na Mnordi wakipangwa zamu moja ya ulinzi wa usiku porini, mazungumzo yao yataanza yenyewe.